Tairi za Kukodi

Saa kumi na mbili unusu, Barabara ya Likoni,
foleni imeshafika kiwanda cha sabuni.
Nimeliosha gari kama aoshwavyo bibi harusi,
hata uvungu, ambako jicho la jirani halifiki
ila la mkaguzi huinama.
Ni Probox. Nyeupe, ukiisamehe vumbi.
Siku za kazi hubeba trei za mayai kutoka Limuru
hadi vibanda vya Umoja.
Jumapili hubeba watu,
harufu ya mayai ikiwa abiria wa sita.

Langoni, kijana aitwaye Oyugi
ameikalia biashara yake: tairi kumi na mbili,
jeki, mitungi ya kuzimia moto, pembetatu nyekundu.
"Mzee, hizo zako zina kipara.
Nikukodishie nywele?"
Mia tano kila tairi, kitambulisho kibaki kwake
mpaka utoke.
Nikacheka. Nikatoa kitambulisho.
Zangu nne zikaegemezwa ukutani, laini kama sabuni ya juzi,
nami nikaingia
nimevaa viatu vya watu.

Jina la mkaguzi lilikuwa kifuani: Chemtai.
Hakunisalimu mimi. Alilisalimu gari.
"Kulia." Taa ikakonyeza.
"Kushoto." Ikakonyeza, lakini kwa kuchelewa,
kama mtu anayekumbushwa deni.
"Breki." Mkia ukawaka upande mmoja.
"Honi."
Honi haijawahi kuniangusha mjini hapa.
Akalinganisha namba ya chesisi na ya karatasi,
kidole kikitambaa juu ya chuma
kama anayesoma jina kaburini.
Kisha akachuchumaa penye gurudumu la mbele,
akalitazama muda mrefu.
Palikuwa na doa la samawati, ukubwa wa shilingi.

"Hii," akasema, "ilipita hapa Jumatatu,
ikiwa ya gari la shule.
Jumatano ilikuwa ya teksi.
Leo ni yako.
Tairi hii ina vyeti kunishinda."

Foleni ikacheka. Nami nikacheka,
kicheko cha aliyekutwa amejifunga taulo ya mgeni.

Yeye hakucheka. Akafungua mlango wa nyuma,
akavuta mkanda. Ukatoka nusu, ukagoma.
Chini ya kiti akaokota raba moja.
"Ya nani?"
Ya Nyakio. Aliisahau baada ya michezo.
Akaipindua. Soli ilikuwa na meno, mapya, makali.
Nilimnunulia mwezi jana
kwa kuwa aliteleza uwanjani akachubuka goti,
na goti lile lilininyima usingizi usiku kucha.
Chemtai akapitisha kidole gumba juu ya soli,
polepole, jino kwa jino,
kisha akairudisha kitini, wima, kama abiria.
Akaandika.
Sikujua kalamu ina sauti.

Nisiseme uongo, sikuongoka palepale.
Nilimlaani hadi langoni.
Nikapiga hesabu: elfu mbili za Oyugi, ada ya ukaguzi,
trei arobaini zilizolala bila mnunuzi.
Oyugi akanirudishia kitambulisho na vipara vyangu,
hakuuliza kitu; mlangoni pake hakuna aliyefeli,
kuna anayerudi tu.
Akamwita mwenye pikapu aliyefuata,
na doa la samawati likaenda likizunguka
kujaribu bahati yake tena.

Ndipo mvua ikashuka, ile ya Aprili, isiyobisha hodi.
Lami ya Barabara ya Jogoo ikang'aa kama bati jipya.
Nilikwenda mwendo wa jeneza.
Walinipigia honi, wakanipita, wakanirushia maji na majina,
mmoja akaniuliza kama gari nimelisukuma kutoka Limuru.
Sikumjibu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani,
miguu ikisikiliza breki,
na kioo cha ndani kikinionyesha, kila nilipokitazama,
raba moja ya mtoto
imekaa wima kiti cha nyuma,
haijafunga mkanda.